Nunua Breki Kwanza

Mpwa wangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata, na picha ya baiskeli ya umeme unayotaka kuinunua nimeitazama kwa makini. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana wajibu wa kusema pale mpwa anapotaka kufanya jambo zito. Hili ni zito, maana chombo hicho kitabeba mwili wako na riziki yako kwa pamoja.

Kwanza nakupongeza. Kubeba ndizi na mboga kichwani kutoka Mbete mlimani hadi Soko Kuu la Chifu Kingalu mjini, ukapanda tena jua likiwa kali, kumewachosha wazazi wetu vya kutosha. Bodaboda nayo inakula faida yako kabla hujaihesabu. Umechagua njia nzuri. Ninachotaka ni uchague pia chombo kinachoifaa njia hiyo.

Umeniandikia kwamba muuzaji anasifia mota ya wati 1,000 na mwendo wa kilomita 45 kwa saa. Katika sifa zote hizo sikuona neno breki. Hebu itazame kazi yako ilivyo. Mlima ndio unaozalisha, mji ndio unaonunua. Mzigo wako unashuka, kisha wewe unapanda bila mzigo. Anayeuza baiskeli anafikiria barabara tambarare, kama za Dar es Salaam, ambako kazi ni kusukuma. Kazi yako ya kwanza ni kuzuia.

Piga hesabu nami. Wewe una kilo 60, baiskeli 30, mzigo 60. Jumla kilo 150. Ukishuka kimo cha mita 300, mteremko unakupa nishati ya karibu uniti 0.12 ya umeme. Inaonekana ndogo, lakini inatosha kuchemsha zaidi ya lita moja ya maji. Ukiondoa kiasi kinachochukuliwa na upepo na tairi, joto lote hilo linaishia kwenye breki zako. Kama ni breki za kubana rimu, rimu hupata moto hadi tyubu inaweza kupasuka ukiwa katikati ya kona.

Usikubali ukiambiwa mota yenyewe itakuzuia. Mota za gurudumuni zenye gia ndani, na zile za katikati penye pedali, kwa kawaida hazirudishi umeme kwenye betri. Zipo zinazorudisha, lakini betri iliyojaa haina nafasi ya kupokea. Wewe unachaji usiku nyumbani, huko juu, na asubuhi unaanza na mteremko betri ikiwa imejaa. Saa unayohitaji msaada huo ndiyo saa usiyoupata.

Kwa hiyo tafuta breki za diski mbele na nyuma, zenye sahani ya milimita 180 au zaidi. Za mafuta hushika vizuri kuliko za waya, na mkono hauchoki. Lakini jihadhari: kuna breki za baiskeli zinazotumia mafuta ya madini, na fundi wa pikipiki akikutilia mafuta ya breki ya pikipiki, mipira ya ndani itaharibika. Uliza zinatumia mafuta gani, uandike, umwonyeshe kila fundi. Kama huna fundi wa kumwamini kwa kazi hiyo, chukua za waya zilizo imara, ununue na pedi za akiba siku hiyohiyo.

Baada ya breki, tazama magurudumu na keria. Spoku ziwe nene, 36 kila gurudumu. Keria iwe sehemu ya fremu, au ifungwe kwa boliti nene. Zile nyembamba za kubebea begi la shule zitapinda wiki ya kwanza. Saizi ya tairi iwe ile mafundi wetu waliyoizoea, kama inchi 26. Mzigo nao uugawe pande mbili, chini, usawa wa ekseli, na uukaze vizuri kwa mipira. Tenga lililosimama juu ya keria linavuta baiskeli upande kila unapokata kona.

Sasa mota. Wati nyingi hazikuhakikishii kupanda. Mota ya gurudumuni ikilazimishwa kwenda polepole kwenye mwinuko mrefu hupata joto, na ikizidiwa inaweza kuungua. Mota ya katikati inafanya kazi kupitia cheni na gia za baiskeli, kwa hiyo ukiweka gia nyepesi inapanda kwa utulivu hata ikiwa ya wati 250 tu. Ubaya wake ni kwamba inakula cheni haraka. Kwa mlima wetu nakushauri ya katikati, na bei ya cheni uiweke kwenye hesabu zako.

Upande wa betri, zidisha volti kwa ampea-saa. Ya volti 48 na ampea-saa 15 inabeba wati-saa 720, yaani uniti 0.72. Kupanda zile mita 300 bila mzigo kutakula kama wati-saa 100 hadi 120, pamoja na umeme unaopotea njiani. Betri hiyo inakutosha kwa safari kadhaa na mizunguko ya mjini kuwapelekea mamantilie mboga. Fedha ya kununua betri kubwa mara mbili iende kwenye vifaa nilivyovitaja juu.

Umeme wenyewe si mzigo. Kwa bei ya kawaida, shilingi 10,000 ya LUKU inatoa kama uniti 28, kwa hiyo kuijaza betri hiyo hakufiki shilingi 300. Gharama imejificha kwenye kuchakaa kwa betri. Chukua mfano: ukiambiwa betri mpya ni laki nane na inahimili kujazwa mara 800, basi kila kujaza kunakugharimu shilingi 1,000 nje ya umeme. Iweke pembeni elfu hiyo kwenye kikoba kila unapochaji. Wengi huhesabu LUKU peke yake wakadhani wanapata faida, kumbe wanaila betri. Ukikutana na betri za aina ya fosfeti ya chuma, ni nzito kidogo lakini hustahimili kujazwa mara nyingi zaidi. Kwako ni bora.

Katika hili la betri nakusihi kwa moyo wote. Mwaka 2023 jiji la New York lilipata mioto 268 ya betri za lithiamu, na watu 18 wakafa. Mwaka huohuo jiji liliweka sheria ya kutaka baiskeli na betri zinazouzwa ziwe zimepimwa usalama. Tumia chaja iliyokuja na betri yako. Usichaji chini ya kitanda wala mlangoni mnapotokea. Ukifika umetoka kupanda, iache ipoe kwanza. Usimruhusu mtu aifungue na kuchanganya seli za mtumba. Masika ikifika, usiioshe baiskeli kwa maji ya presha, na siku njia imekuwa utelezi iache nyumbani.

Wenzetu wametangulia. Kigali, kampuni ya Ampersand ina vituo ambako madereva wa pikipiki za umeme hubadilishana betri iliyokwisha na iliyojaa. Jinja, Uganda, shirika la FABIO linatumia baiskeli ya umeme iitwayo AfricroozE, iliyokusudiwa barabara za vijijini na mizigo. Wewe utategemea soketi ya nyumbani, kwa hiyo betri iwe ya kuchomoka, uingie nayo ndani.

Mwisho, usiijaribu Msamvu kwenye lami. Mwambie muuzaji mwende kwenye mwinuko wa Bigwa, mfunge kilo 60 kwenye keria. Isimamishe katikati ya mlima uone kama inaondoka bila kurudi nyuma. Kisha shuka polepole, usimame mara kadhaa, usikilize na kunusa. Breki zikitoa harufu ya kuungua au mpini wa breki ukigusa hendeli, rudisha. Muuzaji akikataa jaribio hilo, amekujibu. Shika njia urudi nyumbani.

Fedha niliyokuahidi ipo. Nitaitoa kwa sharti moja: iende kwenye breki, rimu na keria, na kinachobaki cha mota utafute mwenyewe. Kabla hujalipa nipigie, nije twende wote dukani.

Msalimie mama yako, dada yangu.

Mimi mjomba wako