Jinsi skripti ilivyopata jina la programu

Skripti ni maandishi matupu. Ndani ya faili lake hamna lugha ya mashine; mna amri zilizopangwa mstari baada ya mstari, zikisubiri kifasiri, yaani programu nyingine itakayozisoma na kuzitekeleza. Programu kamili huitwa kwa jina lake ikaitika. Tangu miaka ya 1970, watengenezaji wa Unix na mifumo iliyozaliwa nayo wamekuwa wakiifuta tofauti hiyo machoni pa mtumiaji, ili achape jina, kazi ifanyike, na asihitaji kujua kama kilicho nyuma ya jina ni C, Perl au Python.

Katika Unix ya mwanzo, iliyotengenezwa Bell Labs huko New Jersey, skripti ilikuwa mali ya sheli peke yake, yaani programu inayopokea amri anazochapa mtumiaji. Mtu aliandika “sh”, jina la sheli hiyo, kisha jina la faili. Akishalipa faili ruhusa ya kuendeshwa kwa amri ya chmod, aliweza kuliita kwa jina tu, ila hapo palikuwa na kiinimacho. Sheli ilikiomba kiini cha mfumo kiliendeshe faili; kiini kikatazama baiti za mwanzo, kikakosa namba inayotambulisha programu ya mashine, kikakataa; ndipo sheli ikachukulia kwamba faili hilo ni maandishi yake yenyewe, ikaanza kulisoma. Mpango huo ulifaulu pale tu mwitaji alipokuwa sheli. Programu nyingine ikijaribu kuendesha skripti ileile moja kwa moja, iliambulia kosa.

Mambo yalivurugika zaidi Bill Joy alipoandika sheli nyingine, csh, katika Chuo Kikuu cha California kule Berkeley. Sarufi yake haikuwa ile ya sh. Ili kujua skripti ni ya nani, csh ilitazama herufi ya kwanza ya faili: ikiwa ni alama ya reli (#), skripti ni yangu, isipokuwa hivyo, ipelekwe kwa sh. Huo haukuwa utambulisho, ulikuwa ubashiri.

Mwezi Januari 1980 Dennis Ritchie, mmoja wa waasisi wa Unix, alitangaza mabadiliko madogo ndani ya kiini. Faili likianza kwa alama ya reli na alama ya mshangao, #!, basi maneno yanayofuata kwenye mstari huo ni njia ya kukifikia kifasiri chake. Kiini chenyewe kitakianzisha kifasiri hicho na kukikabidhi faili. Kwa kuwa lugha nyingi za skripti huhesabu alama ya reli kuwa mwanzo wa maelezo yasiyotekelezwa, kifasiri huuruka mstari huo bila kujikwaa. Sababu za Ritchie zilikuwa za kiutendaji: skripti ingeweza kuendeshwa na programu yoyote, si sheli tu, kwenye orodha ya kazi zinazoendelea lingeonekana jina la skripti badala ya “sh” tupu, na lugha nyingine zingeweza kuingia bila kubisha hodi. Hilo la mwisho ndilo lililozaa matunda makubwa. Perl ilipotoka mwaka 1987 na Python mwaka 1991, zilikuta mlango uko wazi.

Sababu nyingine ya Ritchie iligeuka mwiba. Alitaka skripti nazo, kama programu kamili, ziweze kuendeshwa kwa mamlaka ya mwenye faili. Lakini kiini hufungua faili kwanza kusoma mstari wa kwanza, kisha kifasiri hulifungua upya kwa jina. Kati ya mara hizo mbili upo mwanya, na mtu mwenye hila akibadilisha katikati kiungo, yaani jina linaloelekeza kwenye faili, kifasiri hujikuta kikisoma faili la mtu huyo kwa mamlaka ya mwingine. Linux haijadili suala hilo: alama ya mamlaka ikiwekwa juu ya skripti, hupuuzwa.

Mstari wa kwanza ulijibu swali la kifasiri ni kipi. Swali la kiko wapi liliachiwa mwandishi wa skripti, naye alilazimika kukisia. Perl inayokaa /usr/bin kwenye mashine moja hukaa /usr/local/bin kwenye nyingine, na skripti iliyotaja njia moja haitaanza kwenye ile ya pili. Suluhisho lililoenea ni la mzunguko: badala ya kukitaja kifasiri, hutajwa programu ndogo iitwayo env, ambayo karibu kila mahali hukaa /usr/bin, nayo hukitafuta kifasiri kwenye saraka ambazo mtumiaji ameziorodhesha katika PATH. Werevu huo nao una kasoro yake. Linux huyachukua maneno yote yanayofuata jina la kifasiri kuwa hoja moja, hivyo anayeandika “env python3 -u” huishia kutafutiwa programu yenye nafasi katikati ya jina lake. Chaguo -S, linaloikata hoja hiyo vipandevipande, liliingia katika env ya GNU mwaka 2018 tu.

Kisa kingine kilichowapotezea watu saa nyingi ni cha herufi isiyoonekana. Kwenye Windows mstari wa maandishi humalizika kwa herufi mbili, kwenye Unix kwa moja. Skripti iliyohifadhiwa kwa mtindo wa Windows ikipelekwa Linux, ile herufi ya ziada hung’ang’ania mwisho wa njia ya kifasiri, kiini kinatafuta faili lenye jina hilo refu na hakilioni. Ujumbe unaorudi husema hakuna faili kama hilo, huku mtu analitazama faili lake hapo mbele, na /bin/sh nayo ipo. Hakuna kinachodanganya, kinachokosekana ni faili ambalo jina lake halisomeki kwa macho.

Windows yenyewe ilifuata njia nyingine. Tangu MS-DOS, kinachoamua faili liendeshweje kwa kawaida ni herufi za mwisho wa jina, si za mwanzo wa yaliyomo: .COM, .EXE au .BAT. Watumiaji wa Perl huko walipata zana iliyoitwa pl2bat, iliyofunga skripti ndani ya faili la .BAT ili liitike kwa jina. Python 3.3, ya mwaka 2012, ilileta kianzishi kinachousoma mstari wa #! hata kwenye Windows, mfumo usioujua.

Jina ndilo linalofichua skripti haraka kuliko kitu kingine, na Git, zana ya kutunza historia ya msimbo wa programu, ina mfano mzuri. Ilipoanza mwaka 2005, amri zake nyingi zilikuwa skripti za sheli, na majina yalisema hivyo waziwazi: git-pull-script, git-log-script. Septemba mwaka huohuo msimamizi wake, Junio Hamano, alikifuta kiambishi hicho chote kwa mpigo, ili watumiaji wasilazimike kukumbuka amri ipi imeandikwa kwa lugha ipi. Uamuzi huo ulifungua njia ya kazi ndefu ya kuzihamishia C moja baada ya nyingine: commit katika toleo la mwaka 2008, pull mwaka 2015, bisect mwaka 2023. Wanaozichapa kila siku, wengi wao, hawakusikia chochote. Anayeacha .py kwenye jina la amri yake anajifunga mikono mapema: siku akiiandika upya kwa lugha nyingine, tuseme Go, ama ataliacha jina liseme uongo, ama atavunja kila skripti inayoliita.

Jina peke yake halitoshi, kwani programu huhukumiwa pia kwa tabia. Inatarajiwa ipokee machaguo yenye vistari, ijieleze ikipewa --help, itoe matokeo kwenye mkondo mmoja na makosa kwenye mwingine, na imalize kwa sifuri ikifaulu, kwa namba nyingine ikishindwa. Hapa maendeleo yalikuwa ya kimyakimya: moduli ya argparse, iliyoingia katika Python 2.7 mwaka 2010, iliondoa sehemu kubwa ya kazi hiyo ya kuchosha.

Kilichobaki ni mzigo wenyewe: kifasiri na maktaba zake. Programu ya Go, lugha iliyotangazwa mwaka 2009, kwa kawaida huwa faili moja linalobeba karibu kila kitu. Python ilijaribu njia kadhaa. Moja ni ya kuchekesha kidogo: programu hufungwa ndani ya faili la zip, ambalo orodha ya yaliyomo hukaa mwisho wake, si mwanzo, kwa hiyo unaweza kulibandika mstari wa #! kichwani na bado likafunguka. Python hulitekeleza faili la namna hiyo tangu toleo la 2.6, na zipapp ya mwaka 2015 imerahisisha utengenezaji wake. Kifasiri, hata hivyo, lazima kiwepo. Zana iitwayo PyInstaller hufungasha na kifasiri chenyewe ndani. Gharama yake ni faili zito ambalo, likiwa la kipande kimoja, hujifungua kwenye saraka ya muda kila linapoitwa, na baadhi ya programu za kuzuia virusi huliona kama mhalifu.

Umuhimu wa mzigo huo ulionekana Python 2 ilipofikia mwisho wa matunzo tarehe 1 Januari 2020. Apple iliiondoa kwenye macOS 12.3 mwaka 2022, na skripti zilizotaja /usr/bin/python zikanyamaza. Tangu hapo imekubaliwa namna ya kuandika, ndani ya maelezo ya juu ya skripti, toleo la Python na maktaba inazohitaji. Zana ya uv, iliyotoka mwaka 2024, huyasoma maelezo hayo, ikapakua kinachokosekana, hata Python yenyewe, kisha ikaendesha. Skripti ya aina hiyo huanza kwa #!/usr/bin/env -S uv run --script, na kiini cha mfumo bado huzitazama baiti mbili za kwanza kwa sheria ileile ya mwaka 1980.