Kamba, Kapi na Kiburi



Katika Matendo ya Mitume twamwona Mtakatifu Paulo akipanda na kushuka merikebu katika bandari nyingi. Kenkrea, bandari ya Korinto, ndiko alikonyoa kichwa kwa sababu ya nadhiri. Je, mmepata kujiuliza Wagiriki waliinuaje mawe ya bandari zao? Huko Pireo, bandari ya Athene, ukuta ulioanza kujengwa mwaka 493 kabla ya Kristu ulikuwa wa mawe makubwa yaliyochongwa, yakafungwa kwa chuma na risasi.

Kabla ya siku hizo mafundi wa Ugiriki walikuwa wamekwisha kuwa na mtambo wa kuinulia. Hata leo mawe yao ya kale yana matundu ya koleo za chuma zilizoyashika. Mtambo wenyewe ni hivi: miti miwili husimamishwa, vichwa vimefungwa pamoja, miguu imeachana, na kamba huizuia isianguke. Juu hutundikwa kapi, yaani gurudumu dogo lenye mfereji wa kupitisha kamba. Mtambo wa magurudumu matatu uliitwa kwa Kigiriki trispastos. Kwa huo, jiwe la kilo 300 huvutwa kwa nguvu ya kilo 100 na kidogo zaidi. Lakini atakaye kuliinua meta 1, sharti avute kamba meta 3. Uzito haupotei, bali hulipwa kwa uvumilivu. Vitruvius, fundi Mrumi, aliandika kwamba mitambo ya namna hiyo ilifaa pia kupakia na kupakua merikebu.

Hayo niliyasoma seminarini, nisiyaelewe. Tulipopandisha boriti ya kanisa letu, mwashi mmoja mzee aliniambia: «Mwalimu, ngoja kwanza tuazime kapi.» Mimi nilikuwa nimesoma, yeye hakusoma. Nikamjibu: «Baba, watu ni wengi, tuvute tu.» Boriti ikateleza, ikamvunja kijana mmoja mguu. Kesho yake mzee alileta kapi, na watu wanne wakaipandisha boriti ile ile bila kelele. Hakunilaumu hata kwa neno moja.

Kijana yule alipona, ila huchechemea mpaka leo. Kila Dominika yeye hunisalimu wa kwanza, nami huona haya. Tangu siku ile, mzee akiniambia «ngoja kwanza», nangoja.