Mpwa Wangu, Polishi Iache Dukani

Ngamiani, Tanga
3 Machi 2025

Mpwa wangu Zuhura,

Huku tumeanza kufunga salama. Bibi yako anakusalimu na anauliza lini utamletea hilo gari alione.

Umeniuliza ununue dawa gani ili IST yako isipauke. Chupa za dukani zote zinaahidi kung'arisha, lakini kazi zake si moja. Ziko zinazokwangua na ziko zinazofunika. Ukishalijua hilo, muuza duka hatakuyumbisha.

Rangi ya kiwandani kwenye magari kama lako ina tabaka la juu lisilo na rangi. Sisi mafundi tunaliita kilia. Ndilo linalong'aa na ndilo linalopokea jua. Unene wake kwa kawaida ni maikroni 40 hadi 50 hivi. Unywele wa kichwani mara nyingi ni mnene kuliko huo. Polishi na kompaundi zina chembe za kusaga: zinaondoa mikwaruzo kwa kulipunguza tabaka hilo. Ukipiga polishi kila mwezi kwa kupenda mng'ao, iko siku kilia itaisha, na hapo dawa ni moja tu, kupiga rangi upya. Soma kibandiko vizuri, maana baadhi ya chupa zilizoandikwa waksi nazo zimechanganywa na chembe hizo.

Zinazofunika ni aina tatu. Ya kwanza ni waksi ya karnauba, nta itokayo kwenye majani ya mti wa jamii ya mnazi unaoota kaskazini-mashariki mwa Brazili. Inang'aa vizuri sana, hasa kwenye rangi nyeusi, ila kwa jua letu hudumu wiki chache tu. Ya pili ni siilanti, iliyotengenezwa kwa kemikali. Hiyo huweza kukaa miezi kadhaa. Ya tatu ni seramiki, yenye silika, ambayo ikipakwa vizuri hudumu miaka. Lakini seramiki inataka bodi iandaliwe kwanza kwa makini, kwa sababu mkwaruzo ulioachwa chini yake utabaki ukionekana. Wala haizuii jiwe la barabarani, wasikudanganye.

Wewe unakaa Kigamboni, upepo wa bahari unakuletea chumvi, na kazini gari linashinda juani. Kwa hali hiyo, siilanti inakutosha. Paka asubuhi kivulini, boneti ikiwa ya baridi, kiasi kidogo tu. Usiguse plastiki nyeusi za bampa, zitabaki na madoa meupe. Kujua kama kinga bado ipo ni rahisi: mwaga maji. Yakijikusanya matone na kuteleza, ipo. Yakitandaa na kukaa, paka tena.

Hata hivyo, mwaga pesa kwenye chupa utakavyo, uoshaji mbaya utakurudisha nyuma. Sabuni ya unga ya kufulia inaondoa waksi uliyoinunua, na kitambaa kilichodondoka chini kikaokota mchanga kinachora bodi nzima. Nunua shampuu ya magari, taulo mbili za maikrofaiba na ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia. Mwagia maji kwanza mchanga uondoke, kisha osha kuanzia juu kushuka chini, kwani uchafu mkali uko chini karibu na magurudumu. Ukimpelekea kijana wa kuosha, mpe vifaa vyako mwenyewe. Hatakasirika ukimwambia kwa adabu.

Kunguru wa Dar hawana heshima na gari la mtu. Kinyesi chao kikikaa juani kinakula kilia, hivyo kiloweshe mara moja, kisha kifute. Usikikwangue kikiwa kikavu. Utomvu wa mwembe nao ni vivyo hivyo: kama kuna kivuli kingine, egesha huko.

Kwa hiyo pesa ya kwanza iende kwenye shampuu na taulo, ya pili kwenye siilanti. Polishi usinunue mpaka nilione gari lenyewe. Idi ukija nalo Tanga, nitalitazama kwa macho yangu na kukuambia kama linaihitaji. Na mtu asije akakushawishi kulipigisha mashine kabla ya hapo.

Nakutakia saumu njema.

Ni mimi mjomba wako,
Salim