Mnara, Upepo na Mizani

Mimi ni mtu wa vina na mizani. Elimu hii sikuipata darasani. Niliiokota vibarazani, kwa kusikiliza. Basi iliponiangukia kazi ya kufasiri makala ya wahandisi juu ya minara mirefu kupita kiasi, nilitaraji chuma na saruji. Nilichokikuta ni ushairi.

Mwaka 1956 Frank Lloyd Wright, mzee wa miaka 89, aliuonesha ulimwengu mchoro wa mnara wa maili moja, uliokusudiwa kusimama Chicago. Haukujengwa. Japani nako ulibuniwa mnara wa mita 4,000, nao umebakia karatasini. Kwenye kimo hicho mgandamizo wa hewa ni kiasi cha asilimia 60 tu ya ule wa pwani. Mkaazi wa juu angetweta kama mpanda mlima, na jirani yake wa chini akipumua kwa raha.

Lakini mtihani mkubwa ni upepo. Kasi yake ikizidi mara mbili, msukumo wake huzidi mara nne. Tena hausukumi tu: ukiupita mnara huacha nyuma yake visulisuli, kimoja kuliani, kimoja kushotoni, kwa zamu, mfano wa mapigo ya shairi. Mapigo hayo yakiwiana na myumbo wa asili wa mnara, kila pigo huliongezea nguvu lililotangulia, na jengo huingia hatarini. Ndiyo maana Burj Khalifa, mnara wa mita 828 uliofunguliwa Dubai mwaka 2010, hubadilika umbo kila unavyopanda, ili visulisuli visipatane. Wajenzi waliivunja mizani kwa makusudi.

Je, mnara huu ni shahidi wa vijana wetu wa mashairi huru, dhidi yetu sisi wa mapokeo? Nimelipima swali hili kwa siku nyingi. Mnara huogopa kuyumba. Shairi hutaka msikilizaji ayumbe. Pigo linalorejea, ambalo kwa mjenzi ni balaa, kwa malenga ndiyo riziki. Na hao walioivunja mizani ya upepo waliijua kwanza: waliujaribu mfano mdogo wa mnara mbele ya upepo wa mashine, wakaurekebisha, wakaujaribu tena.

Kijana akitaka kuvunja mizani, simzuii. Namwomba aihesabu kwanza.