Vyumba Vilivyoona Machozi: Safari Katika Nyumba za Riwaya za Kifaransa

Wahenga walisema, nyumba njema si mlango. Msafiri afikaye Paris, mji mkuu wa Ufaransa, huona kwanza milango mirefu ya mbao na kuta za mawe zisizomwambia lolote. Lakini waandishi wakuu wa nchi hiyo, wale wa karne ya 19, hawakuishia mlangoni. Walimpeleka msomaji mpaka chumbani, wakamwonyesha kitanda, kiti na meko, kisha wakamwacha ajionee mwenyewe yaliyomo moyoni mwa mwenye chumba. Mitaa waliyoitaja ingali inapitika hata leo.

NGAZI ZA MZEE GORIOT

Kusini mwa mto Seine, nyuma ya jengo kubwa liitwalo Panthéon, upo mtaa mwembamba wa rue Tournefort, ambao zamani ulikuwa na jina la rue Neuve-Sainte-Geneviève. Hapo ndipo Honoré de Balzac alipoiweka nyumba ya wapangaji ya Bibi Vauquer, katika riwaya yake Le Père Goriot iliyotoka mwaka 1835.

Mzee Goriot, mjane aliyepata utajiri kwa biashara ya tambi, aliingia katika nyumba hiyo mwaka 1813. Alichukua vyumba vizuri vya ghorofa ya kwanza kwa faranga 1,200 kwa mwaka, akaja na mashuka mazuri na vyombo vya fedha. Mwaka wa pili ulipokaribia kwisha, alihamia ghorofa ya pili kwa faranga 900. Mwaka wa tatu akapanda ghorofa ya tatu, akalipa faranga 45 tu kwa mwezi, katika chumba kisicho na moto wakati wa baridi. Kila alipopanda ngazi, hali yake ilishuka.

Wapangaji wenzake walinong'ona kwamba mzee anamaliza fedha zake kwa wanawake. Kumbe wanawake wale waliokuja kumtembelea wakiwa wamevaa hariri walikuwa binti zake wawili, walioolewa na matajiri, na ambao hawakukoma kumwomba. Alipokuwa akikata roho aliwaita kwa majina. Mmoja hakufika. Mwingine alifika wakati fahamu zimekwisha kumtoka baba yake. Waliomwuguza ni vijana wawili wanafunzi, wasio ndugu zake. Siku ya maziko, waume wa binti zake walipeleka magari yao ya farasi, lakini ndani hamkuwa na mtu.

CHUMBA CHA CHINI

Ukivuka mto utafika uwanja wa Place des Vosges. Hapo aliishi Victor Hugo tangu mwaka 1832 hata 1848, na makazi yake yamekuwa makumbusho tangu mwaka 1903. Katika nyumba hiyo, mwaka 1845, alianza kuandika kitabu kilichotoka mwaka 1862 kwa jina la Les Misérables. Si mbali na hapo upo mtaa wa rue des Filles-du-Calvaire, ambako Hugo aliweka nyumba ya Mzee Gillenormand.

Jean Valjean, aliyefungwa miaka 19 kwa kosa lililoanza na mkate mmoja, alimlea binti yatima aitwaye Cosette kama mwanawe. Usiku wa harusi ya binti huyo alirudi chumbani kwake peke yake. Akafungua sanduku dogo alilolitunza miaka yote, akapanga juu ya kitanda vijinguo vyeusi alivyomvika Cosette siku alipomchukua akiwa mtoto. Ndipo mtu yule mwenye nguvu alipoinamisha kichwa juu ya vijinguo hivyo, akalia.

Baadaye alikuwa akienda kumwamkia Cosette katika nyumba ya Mzee Gillenormand, naye akapokewa katika chumba cha chini chenye unyevunyevu. Mume wa binti, aliyekwisha kujua habari za kifungo, alitaka mgeni huyo apungue taratibu. Siku moja mzee alikuta moto haukuwashwa. Siku nyingine alikuta viti vimesogezwa karibu na mlango. Hatimaye hakukuta kiti hata kimoja. Hakuna aliyemfukuza kwa neno. Cosette aliposhangaa, mzee alisema ni yeye mwenyewe aliyeagiza viondolewe, ili asimtie simanzi. Kesho yake hakurudi.

KIDIRISHA CHA DARINI

Kaskazini, katika jimbo la Normandie, upo mji mdogo wa Pont-l'Évêque. Gustave Flaubert aliuchagua kwa hadithi yake Un cœur simple ya mwaka 1877. Félicité, mtumishi wa nyumbani, alifanya kazi nusu karne kwa faranga 100 kwa mwaka. Chumba chake kilikuwa juu, chenye kidirisha kinachotazama malisho. Humo alihifadhi kofia ya mtoto wa bibi yake aliyefariki, kisanduku cha kombe alichopewa na mpwa wake baharia, aliyekufa ng'ambo kwa homa ya manjano, na kasuku wake aliyekaushwa. Kwa mgeni vitu hivyo ni takataka. Kwake yeye vilikuwa jamaa zake wote.

Bibi mwenye nyumba alipokufa, nyumba ilitangazwa kuuzwa. Félicité hakudai matengenezo, asije akafukuzwa. Paa likaoza, na majira yote ya baridi mto wake wa kulalia ulikuwa umelowa.

Vyumba hivi vitatu ni vya nchi ya mbali na ya zamani, lakini si vigeni. Askari aliyelala kambini anajua thamani ya sanduku lililo chini ya kitanda, lenye barua na picha ya mtoto. Nyumbani nako kipo kiti cha baba mzee na kipo chumba cha mtumishi. Kiti hicho kikisogezwa karibu na mlango, mzee huelewa bila kuambiwa. Na paa la mtumishi likivuja, huenda asiseme. Basi arudipo mtu likizo, na afike hata katika vyumba vile asivyozoea kuvifungua.