Anza Kwenye Spika

Pedali ilikuwa na vipande kumi na kimoja tu ndani yake: transista mbili, rezista nne, kapasita tatu na vitufe viwili vya kuzungusha. Nilivihesabu mara nyingi ndani ya basi kutoka Dar es Salaam hadi Tanga, nimeipakata kwenye kopo la biskuti alilonipa baba nilipokwenda chuo, juu ya vipuri vyake vya zamani. Kuhesabu kulinisaidia nisilifikirie jambo la pili nililotumwa. La kwanza lilikuwa langu mwenyewe: pedali haikuwa inafanya kazi, na nilikuwa nimehangaika nayo wiki tatu. La pili lilikuwa la ndugu zangu wote: nimwambie baba kwamba tumekubaliana kuirudisha fremu ya Ngamiani kwa mwenyewe.

Baba alikuwa fundi redio kwa zaidi ya miaka arobaini. Kisha presha ya macho ikaanza kumla pole pole, na alipokwenda kupimwa daktari alimwambia kilichokwishaondoka hakirudi, matone ni ya kulinda kilichobaki. Aliendelea kufungua duka. Siku moja akasoma mstari mwekundu wa rezista akaona wa machungwa, akaweka ohm 3,300 palipotaka 33,000, na redio ya mama mmoja jirani ikatoa moshi mbele ya wateja. Akailipa, akashusha geti, hakulipandisha tena. Sisi tuliendelea kulipa kodi ya fremu iliyofungwa mwaka na nusu, kila mmoja akisubiri mwenzake aseme.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umebeba nini? Nasikia kinagongagonga."

Nikamwambia ni kifaa cha gita, cha kuifanya sauti ikwaruze. Alinyamaza kidogo. "Yaani haikwaruzi, na wewe unataka ikwaruze?"

Nilijaribu kumweleza. Sakiti niliyoiiga ni ya Fuzz Face, pedali ya mviringo iliyoanza kuuzwa London mwaka 1966, ile ambayo Jimi Hendrix aliifanya ijulikane. Transista ya kwanza inaukuza mlio wa nyuzi, ya pili inaukuza tena kupita kiasi. Betri ina volti 9 tu. Wimbi likitaka kupanda zaidi ya hapo halina pa kwenda, linakatwa kichwa. Huko kukatwa ndiko wapiga gita wanakokupenda.

"Huo ndio ugonjwa nilioutibu maisha yangu yote," akasema.

Hakuwa anatania sana. Amekulia kwenye Tanga ya Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, ambako gita lilitakiwa lisikike safi, kila uzi na lake. Nikamsimulia kisa cha Nashville: wimbo wa Marty Robbins uliotoka mwaka 1961, ambamo mlio wa gita la besi ulipita kwenye njia mbovu ya mashine ya kurekodia ukatoka umechakaa, nao wakauacha ulivyo. Mwaka uliofuata kikawekwa sokoni kifaa cha kuiga ubovu ule, na mwaka 1965 Rolling Stones wakakitumia kwenye "Satisfaction". Baba alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo fundi alishindwa kutengeneza, wakamlipa."

Baada ya chakula nikaunganisha kila kitu sebuleni: gita, pedali, ampu ndogo kwenye umeme wa ukutani. Nikapiga. Ilitoka sauti nyembamba, kama mtu anayeongea na kitambaa mdomoni, yenye mchakacho kidogo mwishoni. Nikamwambia nimekwishapima yote. Rezista ziko sawa. Risasi nimeirudia kila mahali. Zaidi ya yote, kolekta ya transista ya pili inasoma volti 4.6, na kila anayeijua sakiti hii atakwambia itafute 4.5, nusu ya betri. Kwa mita yangu pedali ilikuwa nzima.

"Unaanzia wapi kutafuta?"

"Mwanzo. Pale gita linapoingia."

"Anza kwenye spika," akasema. "Ukianza mwanzo, mambo yote yako mbele yako hujui lipi ni lipi. Ukianza mwisho ukarudi, kila ulichokipita kimekwisha kuthibitika kizima. Lete kidole chako."

Niliijua njia hiyo kwa kuitazama tu, utotoni, bila kuuliza. Mwili wa mtu aliye ndani ya nyumba yenye umeme unabeba mvumo wa nyaya za ukutani. Ukigusa mahali penye kukuza sauti, mvumo huo unatokea kwenye spika, na ukubwa wake unakuambia nyuma ya kidole chako kuna uzima kiasi gani. (Kwa pedali ya betri hakuna hatari. Kwenye ampu ya valvu usithubutu, humo mna mamia ya volti.) Nilikuwa na multimita ya dijitali na michoro kwenye simu, sikuwa nimefikiria kutumia kidole.

Nikagusa ncha ya waya wa ampu. Ikavuma kwa nguvu. "Ampu nzima," akasema baba. Nikaiunganisha pedali, nikagusa pale sauti inapotokea. Mvumo mdogo. "Sawa, hapo hakuna cha kuikuza. Rudi nyuma. Mguu wa kati wa transista ya mwisho."

Nikagusa. Spika ikanung'unika.

"Umegusa?"

"Nimegusa."

"Hujagusa."

"Baba, nimegusa."

Akanyoosha mkono. Nikakishika kidole chake cha shahada, kikavu, chenye kovu la pasi ya kulehemu ninalolijua tangu sijaenda shule, nikakiweka kwenye ule mguu. Mnung'uniko ule ule. Akakiacha hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Hapa ilitakiwa ipige kelele watu watoke nje," akasema. "Hii imewekwa ya namna gani?"

Nikakiri. Ya awali, 2N3904, niliiunguza kwa kuikalia na pasi. Hii niliitoa kwenye kopo lake. Nikamsomea namba: BC547.

Akacheka, mara ya kwanza tangu nifike. "Hiyo ni namba ya Kizungu cha Ulaya. B ni silikoni, C ni ya kazi za sauti. Nyingine yako ni ya Kimarekani. Miguu yao haifanani." Ukizitazama upande bapa, kolekta ya 2N3904 iko kulia, ya BC547 iko kushoto. Mguu wa kati peke yake ndio unaokaa pale pale. Nilikuwa nimeiweka kinyumenyume.

"Lakini volti zilikuwa sahihi," nikasema, kama mtu anayebishana na refa.

"Ikigeuzwa haifi. Inafanya kazi kivivu. Mita yako inapima kama umeme upo, haipimi kama kazi inafanyika."

Nikawasha pasi. Kazi yenyewe haikuzidi dakika mbili: kunyonya risasi, kuitoa, kuigeuza itazame upande wa pili, kulehemu tena, safari hii upesi. Nikapiga uzi mmoja tu, wa chini. Sauti ikajaa chumba, nene, imepasuka pembeni, ikaendelea kulia baada ya kidole changu kutulia. Glasi kabatini zikatetemeka. Mama akaja mlangoni na mwiko mkononi, akatutazama, akarudi jikoni.

Baba aliweka kiganja juu ya ampu. "Ehe," akasema. "Sasa imeharibika vizuri."

Nikamwambia hapo hapo, gita likiwa bado mapajani, kwa kuwa nilijua nikisubiri nitapanda basi la kurudi sijasema. Fremu. Kodi. Kwamba tumekaa wote tukakubaliana. Nilisema "tumekaa wote" mara mbili. Hakukiondoa kiganja.

"Mpaka lini?"

"Mwisho wa mwezi."

"Meza isiuzwe."

"Haitauzwa."

Ilipita kimya ambayo sikujua niifanye nini. Nikazima ampu. Kisha akauliza kopo liko wapi. Nikamsogezea, akaingiza mkono ndani, akakoroga vile vipuri kama mtu anayechambua mchele, akanipa transista moja.

"Soma."

Nikaisogeza kwenye taa. Namba zilikuwa zimefifia, hata kwa macho yangu. Nikasoma. Akataja miguu yake kutoka kushoto, nami nikaandika nyuma ya risiti ya basi. Akanipa nyingine. Ilipoadhiniwa Isha risiti ilikuwa imejaa, na kopo halijafika hata nusu.