Viazi Vingapi?

Watu wengi huniuliza habari za Ulaya: majumba marefu, magari ya moshi, theluji. Mambo hayo mmekwisha kuyaona katika picha. Mimi nataka kuwasimulia habari za viazi.

Mwaka wa 1996 nilikuwa mwanafunzi huko Louvain-la-Neuve, Ubelgiji. Mji ule ni wa wanafunzi. Siku za Noeli zikikaribia wote hurudi kwao, na njia hubaki tupu. Sisi wageni tu tulibaki, na mwaka ule moyo wangu ulikuwa mzito sana. Tarehe 29 Oktoba vita viliingia Bukavu, na Askofu wetu Mkuu Christophe Munzihirwa akauawa siku ile ile. Mama yangu alikuwa Kadutu pamoja na ndugu zangu. Tangu hapo sikupata habari yao hata neno moja.

Padri mmoja aliniona kanisani akaniuliza: «Noeli utakula wapi?» Nikanyamaza. Basi akanitafutia jamaa ya wakulima karibu na Poperinge, magharibi kabisa, kuelekea mpaka wa Ufaransa. Huko wanalima hopi, ule mmea unaotia bia uchungu wake. Wakati wa baridi shambani unaona nguzo ndefu na nyaya tu, hakuna hata jani.

Jioni ya kwanza mama wa nyumba alisimama na kisu mkononi, akaniuliza kwa Kifaransa: «Utakula viazi vingapi?» Nilishtuka. Kwetu mgeni haulizwi hesabu ya chakula. Anawekewa mbele, akishiba ataacha. Na ukimwuliza, atajibu kwamba ameshiba hata kama tumbo linalia. Nikajibu: «Viwili.» Akamenya viwili vyangu, akamenya vya wengine, akapika hesabu ile ile. Usiku nililala na njaa, nikisema moyoni: watu hawa ni wachoyo. Kesho yake akauliza tena, nami nikajibu tena viwili, maana haya ilinifunga mdomo.

Usiku wa tatu nilishuka polepole jikoni, nikakata mkate nikala gizani. Mara taa ikawaka. Alikuwa bibi, mama yake baba wa nyumba, mwenye miaka 84. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze! Mwanafunzi wa chuo kikuu, mtoto wa misioni, ameshikwa kama panya.

Bibi yule alisema Kiflamandi tu. Hakunikaripia. Alitwaa mkate mzima, akachora msalaba chini yake kwa ncha ya kisu, kama wazee wa kwao walivyozoea kabla ya kuukata. Akakata vipande vinene, akavipaka siagi. Kisha akamwamsha mkwe wake aje kutafsiri. Akasema kwamba mwaka wa 1918, alipokuwa mtoto wa miaka 6, walikimbia vita wakaenda Ufaransa, wakapokewa na watu wasiowajua. Naye alikuwa akiiba mkate, akiuficha chini ya mto, maana hakujua kama kesho watapewa tena.

Mama wa nyumba akaniuliza kwa nini sikusema. Nikamweleza desturi yetu. Akacheka, kisha akaona haya. Kwao, alisema, kumwuliza mtu hesabu ni kumheshimu, maana kutupa chakula ni dhambi, na kila mmoja husema kweli. Tangu siku ile nilijibu: «Sita.»

Siku ya kwanza ya Januari watoto wa huko huwasomea baba na mama wa ubatizo barua. Huiandika shuleni kwa karatasi nzuri ya mapambo. Mtoto hupanda juu ya kiti, huwatakia heri, huahidi utii (ahadi ambayo nadhani haipiti juma moja), na mwishoni hujiita «kapoen», ndiyo kusema mtundu. Halafu hupewa fedha. Binti mdogo wa nyumba ile aliniletea karatasi tupu, akaagiza na mimi nisome. Nimsomee nani? Baba yangu wa ubatizo alikuwa amekwisha kufa. Basi nikamwandikia mama, kwa Kiswahili.

Kiti nilikataa, nikasoma nimesimama chini. «Mama, mimi ni mzima. Nimepata nyumba ya kulala. Nimeiba mkate, nikasamehewa. Ukiwa ungali hai…» Hapo sauti ilikatika. Yule binti alidhani nimemaliza, akapiga makofi. Bibi hakutaka kutafsiriwa. Alinitilia fedha mkononi kama wajukuu wake.

Barua ile nilikaa nayo mpaka mwezi wa Julai 1997, padri mmoja aliyekuwa akienda Bukavu akaichukua. Jibu lilifika mwezi wa Septemba. Mama yu hai, na ndugu zangu pia. Nyumba imeporwa hata milango. Hakuuliza habari za masomo. Alinikaripia kwa ajili ya mkate, akaagiza nirudi kwa yule bibi nimwombe radhi mara ya pili, kwa jina lake yeye.

Jumamosi iliyofuata nikapanda gari la moshi kwenda Poperinge.